Jumuiya zilizosahau kutembeleana

Mkatoliki akifariki Dar es Salaam, swali la kwanza ambalo familia huulizwa parokiani ni hili: marehemu alikuwa anasali jumuiya gani? Jibu likipatikana, mambo hujipanga. Mwenyekiti anapigiwa simu, katibu anatoa taarifa kwenye kundi la WhatsApp, akina mama wa WAWATA wanaingia jikoni, vijana wanakwenda kukodi turubai na viti, katekista anaanza kupanga sala za jioni. Jibu likikosekana, wafiwa huanza kuhangaika. Wanatafuta barua, wanatafuta mtu wa kumdhamini marehemu, na mara nyingine wanaambiwa walipe kwanza malimbikizo ya zaka ya mtu ambaye hana tena mdomo wa kueleza kwa nini aliacha kulipa.

Swali lenyewe ni zuri. Kanisa linalotaka kujua mtu aliishi na nani na alisali na nani linauliza jambo la maana. Kinachoniumiza ni mahali tunapokwenda kutafuta jibu. Tunakwenda kwenye daftari: mahudhurio, michango, namba ya kadi. Hatuulizi ni nani katika nyumba kumi na tano za jumuiya yake aliyekwenda kumwona alipoanza kukosekana, wala ni nani aliyejua kwamba alipunguzwa kazini, au kwamba alilazwa hospitali wiki nzima bila mtu wa kumpelekea uji. Mtu akipotea jumuiyani miezi minane, akaja kukumbukwa siku ya kifo chake, kosa si la kwake peke yake. Jumuiya nayo ilimkosea, na kosa la jumuiya halina daftari.

Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo hazikuanzishwa ili parokia ipate njia nyepesi ya kukusanya fedha. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walikutana Nairobi mwaka 1973 kutafakari Kanisa la miaka ya themanini litakuwaje, wakaliona jambo ambalo kila katekista wa kijijini alikwisha kulijua: parokia zilikuwa kubwa mno. Padri mmoja alikuwa na vigango vingi vilivyotawanyika. Alifika, akaungamisha, akasoma misa, akabatiza, akaondoka. Waumini walikaa mstari kwa mstari wakitazama altare, kila mmoja akiufahamu zaidi mgongo wa mwenzake kuliko uso wake. Maaskofu wakaamua Kanisa lijengwe kuanzia chini, katika vikundi vidogo vya majirani ambamo watu wanaweza kufahamiana kweli. Mwaka 1976 wakakutana tena Nairobi, wakalifanya jambo hilo kuwa kipaumbele cha uchungaji katika nchi zao, Tanzania, Kenya, Uganda, Malawi na Zambia zikiwamo. Kongo walikuwa wametangulia: maaskofu wa huko walilizungumza tangu 1961, kabla hata Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujafunguliwa.

Hapa Tanzania wazo hilo halikuwa geni. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka 1967, na TANU ilikuwa na mabalozi wa nyumba kumi kumi hadi vijijini. Watu walikwisha kuzoea kukutana kwa ujirani. Askofu Christopher Mwoleka, aliyekabidhiwa jimbo la Rulenge mwaka 1969, alilichukua jambo hili kwa uzito kuliko wengi wa wakati wake. Alikwenda kuishi na wakulima katika kijiji cha ujamaa, akashiriki kazi zao na chakula chao. Utatu Mtakatifu kwake haukuwa fumbo la kuhangaishana nalo darasani. Aliuona kuwa mfano wa kuishi, Nafsi tatu zisizofichana kitu. Vijiji vile vilikuja kuwa na machungu yake, hasa pale watu walipohamishwa kwa nguvu, na sitaki kuyafunika machungu hayo kwa maneno matamu. Lakini askofu anayeacha nyumba yake na kwenda kushika jembe pamoja na waumini wake alikuwa amekielewa kitu ambacho sisi, tuliobaki na jina la jumuiya, tunakaribia kukipoteza.

Ndugu zetu Waanglikana na Walutheri walikionja kitu hicho mapema zaidi. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya thelathini ulivuka hadi Uganda, ukaingia Bukoba, ukafika Kenya. Haukuletwa na azimio la kikao chochote, na viongozi wengi wa makanisa waliuogopa. Watu walikutana katika vikundi, wazungu na Waafrika, watu wa makabila ambayo kwa kawaida hayakukaa meza moja, wakaungama dhambi zao mbele ya wenzao kwa kuzitaja. Aliyeiba alirudisha. Aliyekuwa na chuki na mwenzake alisimama akalisema hilo mwenzake akiwapo. Waliita maisha hayo kutembea nuruni, na kila mmoja alimwita mwenzake ndugu akimaanisha hivyo.

Josiah Kibira, askofu wa Kilutheri wa Bukoba ambaye mwaka 1977, katika mkutano mkuu uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, alikuwa mtu wa Uamsho huo. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1974 alichunguza jinsi ushirika wa Kikristo unavyokutana na undugu wa ukoo aliokulia miongoni mwa Wahaya. Mimi humfikiria Kibira kila ninaposikia habari ya barua na malimbikizo. Ukoo una mabaya yake mengi, lakini hakuna ukoo ninaoujua unaomwacha mtu wake bila kumzika kwa sababu alikuwa na deni la mchango wa harusi. Watamsema, watamlaumu hata akiwa ameshalazwa kaburini, lakini watakuwa wamemzika. Kama ushirika wa ubatizo unataka kusimama juu ya ukoo, hauwezi kuwa na huruma pungufu kuliko ukoo.

Uamsho nao ulikuwa na kasoro zake. Kuungama hadharani kuligeuka, mahali pengine, kuwa kipimo cha kuwahukumu wasioungama, na vikundi vikagawanyika juu ya nani ameokoka zaidi. Hata hivyo ulituachia ushahidi kwamba watu wa Afrika Mashariki waliwahi kukaa pamoja na kuambiana ukweli bila kusubiri semina.

Sasa tuiangalie jumuiya ya leo mjini. Inakutana Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumba kwa nyumba kwa zamu. Rozari, wimbo, somo la Injili ya Jumapili. Kisha mwezeshaji anauliza nani ana tafakari, na kimya kinatanda mpaka mama mmoja, yule yule wa kila wiki, anaokoa jahazi. Dakika kumi zimekwisha. Baada ya hapo huingia matangazo, na matangazo ndiyo yanayokula muda: mchango wa nyumba ya mapadri, mchango wa jubilei, mchango wa upadrisho, sikukuu ya somo wa parokia, mavuno, sare za kitenge, na majina ya ambao hawajamaliza ahadi zao. Njia ile ya hatua saba ya kushirikishana Injili, iliyoenezwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, ilikuwa inamtaka kila mmoja achague neno lililomgusa, alirudie polepole, wote wakae kimya nalo, kisha waseme maisha yao na neno hilo yanakutana wapi. Hatua ya sita, kabla ya sala ya kufunga, ilikuwa kuamua ni kazi gani itafanywa wiki hiyo, na nani ataifanya. Jumuiya nyingi zimebaki na hatua mbili: kusoma na kuchanga.

Tazama pia nani hayupo. Mlinzi wa usiku ndiyo kwanza anatoka lindoni. Dada wa kazi anawaandaa watoto wa mwenye nyumba. Mama lishe alikwisha kuwasha moto tangu saa kumi na moja. Dereva wa bodaboda hawezi kuziachia saa za asubuhi, ndizo zenye abiria. Hawa ni wabatizwa, wengi wao wametoka vijijini ambako waliijua jumuiya tangu utoto, na sisi tumeweka sala saa ambayo tunajua fika hawawezi kuja, kisha katibu anawaandika kuwa wazembe. Wanaume nao, hata wenye nafasi, huwaachia wake zao, wakaja kuonekana siku ya uchaguzi au siku wanapohitaji saini ya ubatizo wa mtoto.

Halafu kuna mpangaji wa chumba kimoja. Zamu ya nyumba yake ikikaribia anaanza kukosa usingizi. Viti ataazima wapi? Chai je? Wiki iliyopita walikuwa kwa mzee mwenye nyumba ya geti, wakapewa maandazi, mayai na maziwa. Yeye ana jiko la mkaa na vikombe vinne. Anatafuta udhuru, anasafiri, anahama mtaa kimoyomoyo kabla ya kuhama kweli. Hakuna aliyemfukuza. Ni chai yetu iliyomfukuza. Najua jumuiya ambazo zimekubaliana kuwa hakuna chai kwa yeyote, ni maji tu, na anayetaka kukaribisha watu chakula afanye hivyo siku nyingine. Uamuzi mdogo, lakini ni wa kichungaji kuliko mahubiri mengi juu ya unyenyekevu.

Mtume Paulo alilikuta jambo hili Korintho katika karne ile ya kwanza. Waliokuwa na uwezo walifika mapema kwenye karamu ya Bwana, wakala na kunywa hata kulewa. Waliochelewa wakabaki na njaa. Paulo hakusema kwamba wamekosa adabu ya mezani. Aliwaambia kwamba wanachokula si chakula cha Bwana tena. Huyo ndiye Paulo ambaye alisumbuka katika safari zake kukusanya msaada kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, kwa hiyo hakuna anayeweza kumfanya adui wa michango. Fedha aliitafuta, lakini hakuruhusu ikae mahali pa mtu. Na kabla yake, kanisa la Yerusalemu lilipata ugomvi wake mkubwa wa kwanza wa ndani kwa sababu wajane wa kundi moja, waliosema Kigiriki, walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wajane wale wavumilie. Walichagua watu saba wa kulishughulikia, na majina yao yote saba ni ya Kigiriki. Waliolalamika walikabidhiwa usimamizi.

Wapo watakaosema haya ni mambo madogo, chai na saa za sala, na kwamba Kanisa lina mizigo mikubwa zaidi. Nawaomba wakumbuke mwaka 1994. Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ilifunguliwa Roma tarehe 10 Aprili mwaka huo, ikachagua kuliita Kanisa la Afrika familia ya Mungu. Siku tatu kabla, mauaji ya kimbari yalikuwa yameanza Rwanda, nchi ambayo sehemu kubwa sana ya watu wake walikuwa Wakristo. Watu waliokuwa wakisali pamoja waliuana. Huko Nyange, takriban watu 1,500 waliokimbilia kanisani waliuawa na kanisa likabomolewa kwa tingatinga likiwaangukia. Padri aliyekuwa akiiongoza parokia hiyo alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha, na mwaka 2008 rufani ikampa kifungo cha maisha. Rozari zilikuwapo Nyange. Daftari la wabatizwa lilikuwapo.

Miaka mitatu baadaye, Machi 1997, hapo hapo Nyange, watu wenye silaha waliingia katika shule ya sekondari wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi wakakataa. Wengine wao waliuawa kwa kukataa huko. Wiki sita hivi baada ya hapo, alfajiri ya tarehe 30 Aprili, waasi walivamia seminari ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi, wakatoa amri ile ile. Vijana wa Buta nao walikataa kutengana, na 40 kati yao wakauawa.

Tunapowasifu vijana hao huwa tunaishia kwenye dakika ile ya bunduki. Mimi nadhani jibu lao lilikuwa limeandaliwa kwa muda mrefu katika siku ambazo hazikuwa na bunduki. Burundi ilikuwa vitani tangu 1993, na mkuu wa seminari hiyo, padri Zacharie Bukuru, hakujifanya kwamba ukuta wa seminari unazuia chuki kuingia. Aliwakutanisha vijana wazungumze waziwazi habari za vita na za makabila yao, hofu zao na walichokisikia nyumbani. Walisali pamoja, walicheza pamoja, walilala mabweni yale yale. Kila mmoja alikuwa amekwisha kumsikia mwenzake akisema jambo gumu, na akabaki rafiki yake. Ndiyo maana amri ya kutengana iliwakuta wakiwa watu wasioweza kutenganishwa kwa kutajiwa kabila. Kusali kwa pamoja pekee, kama Nyange ya 1994 ilivyoonyesha, hakutoi uhakika huo.

Kwa hiyo ninapouliza kuhusu jumuiya zetu sina hamu tu ya kikao chenye uchangamfu. Nchi yetu ina makabila mengi, dini mbili kubwa, na siasa ambazo zinaweza kuchacha msimu wowote wa uchaguzi. Kama watu kumi na tano wanaokutana kila wiki kwa jina la Kristo hawajui mwenzao anaumwa nini, anaogopa nini, ana ugomvi na nani, itakapokuja siku ya kujaribiwa watakuwa na nini cha kushikana nacho? Daftari?

Nazijua hoja za maparoko, na baadhi nazikubali. Parokia haina ruzuku. Umeme, mshahara wa katekista, paa linalovuja, yote yanatoka mifukoni mwa waumini, na jumuiya ndiyo ngazi inayowafikia watu kwa uaminifu. Barua ya jumuiya nayo ina kazi yake: inazuia mtu kubatizia mtoto parokia tatu, inazuia bwana mwenye mke Mwanza asije kufunga ndoa Mbagala. Sisemi tuziondoe. Ninasema fedha zisikae ndani ya sala. Mweka hazina apokee bahasha siku yake, kwenye meza yake, au kwa simu kama tunavyofanya kila siku kwenye mambo mengine, na majina ya wasiomaliza ahadi yasisomwe hadharani kamwe. Kutoa ni moyo, wazee walisema, na moyo wa mtu hausomwi kwenye matangazo. Nayo barua isiandikwe mezani kwa katibu. Mwenyekiti aende kwanza nyumbani kwa anayeiomba, akae naye, ajue habari zake, ndipo atie saini. Hapo barua itakuwa imetanguliwa na ziara.

Kuna jambo moja zaidi, na hili ndilo gumu. Jumuiya zetu zina magomvi. Mama fulani na mama fulani hawasalimiani tangu mambo ya kikoba, ndugu wawili wana kesi ya kiwanja, mwenyekiti wa zamani hakubali kuwa alishindwa. Tunayapitia kimya kimya na kuimba juu yake. Watu wa Uamsho wasingekubali. Sitamani turudie kuungama hadharani kwa namna ile, kwa kuwa katika miji yetu siri ya mtu hufika sokoni kabla ya misa ya pili. Lakini kila jumuiya inaweza kuwa na wazee wawili, mwanamume na mwanamke, wenye kuaminika, ambao kazi yao ni kuwaendea waliokosana na kukaa nao mpaka waongee. Kwaresima ina siku arobaini. Jumuiya iliyopatanisha watu wawili tu katika siku hizo imefanya kazi kubwa kuliko iliyovuka lengo la mchango.

Chaguzi za viongozi zikifika, mimi sitamwuliza mgombea ana mpango gani wa kuongeza makusanyo. Nitamwomba anitajie kwa majina wagonjwa wa jumuiya yetu, waliofukuzwa kazi, waliohama bila kuaga, na lini alifika kwao. Nitamwuliza kama yuko tayari kuhamishia sala Jumapili saa kumi jioni, japo kwa wiki mbili kila mwezi, ili mlinzi na dada wa kazi wapate kuja. Na kama yuko tayari kuwaambia waajiri wa hao akina dada, ambao wengi wao ni wanajumuiya wenzetu na huketi viti vya mbele, wawape ruhusa ya saa mbili na wabaki wao wenyewe na watoto.